Somo kwa Vyama vya Msingi: Mashine Katika Ghala la Chama na Namna ya Kuifanya Ilete Faida

Madhumuni ya somo

Vyama vingi vya msingi vya Shinyanga, Kahama, Geita na wilaya jirani vimekwisha kupata, au vinakusudia kununua, mizani ya kielektroniki, kompyuta na vishikwambi kwa ajili ya kazi za ghala. Baadhi ya viongozi huamini kwamba kifaa kikishawekwa juu ya meza, matatizo ya upimaji, upungufu na malipo yatakuwa yamekwisha. Baadhi ya wanachama nao huamini kinyume chake, kwamba kifaa hicho ni njia mpya ya kuwapunja. Makundi yote mawili yamekosea kwa jambo moja: yamedhani kuwa mashine ina tabia yake yenyewe. Mashine haina uaminifu wala wizi. Huchukua tabia ya chama kinachoitumia, kisha huiendeleza kwa haraka zaidi.

Somo hili linaeleza mambo ambayo Bodi, watendaji na wanachama hawana budi kuyafanya ili mashine katika ghala na katika usafirishaji wa mazao ilete faida. Linafaa kusomwa katika kikundi, aya baada ya aya, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya kufunguliwa kwa msimu.

Ushirika ulizaliwa kwenye mizani

Mwanachama kijana yafaa ajue kwamba ushirika wa pamba katika nchi ya Wasukuma na majirani zao ulianza kwa ugomvi wa mizani. Wakulima walikuwa wakiuza pamba kwa wafanyabiashara binafsi ambao ndio waliokuwa wenye mizani, wasomaji wa mizani na waandikaji wa stakabadhi. Mkulima aliambiwa kilo zake, akapewa fedha, akaenda zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe katika vituo vya kununulia ili kuhakiki uzito. Jambo hilo dogo ndilo lililofungua njia ya vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Ushirika huo umepita katika mabonde mengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Biashara huria ya miaka ya 1990 ilivikuta vyama vingi vikiwa na madeni. Tangu msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na kwa hiyo mizani imerudi mikononi mwa wakulima wenyewe. Kadhalika, dengu, choroko na mazao mengine yameingizwa katika Mfumo wa Stakabadhi za Ghala, ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 2005, na katika minada inayoendeshwa kwa mtandao na Soko la Bidhaa Tanzania.

Maana ya historia hii ni kwamba kilo ya mkulima ni amana. Mkulima wa leo akipunjwa na mizani ya chama chake, machungu yake ni makubwa kuliko ya baba yake aliyepunjwa na mfanyabiashara, kwa sababu yeye amepunjwa na nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Ghala linalosaidiwa na mashine ni lipi?

Katika nchi zenye viwanda vikubwa yako maghala ambamo mikanda hubeba mizigo, mitambo hupanda na kushuka kwenye rafu, na kompyuta huamua kila furushi likae wapi. Ghala la chama cha msingi halihitaji mambo hayo. Katika ngazi ya chama, msaada wa mashine una sehemu nne tu.

Ya kwanza ni kupima: mizani inayoonyesha uzito kwa tarakimu badala ya mshale. Ya pili ni kuandika: kifaa kinachopokea uzito huo na kuuhifadhi pamoja na namba ya mwanachama, kisha kutoa stakabadhi. Ya tatu ni kufuata mali: taarifa ya mzigo uliopo ghalani, uliopakiwa katika lori na uliopokelewa kiwandani au katika ghala kuu. Ya nne ni kulipa: orodha ya malipo inayotokana na kilo zilizopimwa, ikipelekwa benki au kwenye simu ya mkulima.

Sehemu hizi zimeshikana kama pingili za muwa. Ya kwanza ikiwa na kosa, nyingine zote zitalibeba kosa hilo hadi mwisho, tena kwa maandishi safi yanayopendeza macho. Kosa lililochapwa na mashine huaminiwa kuliko kosa lililoandikwa kwa kalamu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Funzo la mbali na funzo la karibu

Mfano unaojulikana duniani ni ule wa uwanja wa ndege wa Denver, huko Marekani. Wajenzi walikusudia mizigo ya abiria isafirishwe na mtambo mmoja unaojiendesha katika uwanja wote. Uwanja ulitazamiwa kufunguliwa Oktoba 1993. Mtambo ulirarua mabegi na kuyapeleka kusikotakiwa, na uwanja haukufunguliwa hadi Februari 1995. Hata hapo mtambo ulifanya sehemu ndogo tu ya kazi iliyotarajiwa, na sehemu iliyobaki ilifanywa kwa njia ya kawaida ya mikokoteni inayovutwa na matrekta madogo. Mwaka 2005 mtambo uliachwa kabisa. Nchi ile haikukosa fedha wala wahandisi. Kilichokosekana ni kiasi: kazi yote ilitakiwa ianze mara moja, mipango ilibadilishwa katikati ya ujenzi, na mwanzoni hapakuwa na njia ya akiba.

Mfano wa karibu ni vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambavyo Shinyanga ni mojawapo ya vituo vyake. Katika vihenge vya namna hiyo nafaka hupandishwa kwa mitambo, husafishwa, na joto lake hufuatwa kwa vipimo. Lakini mtambo huo hauondoi haja ya kupima unyevu wa nafaka mlangoni. Mahindi mabichi yakiruhusiwa kupita, kihenge cha kisasa kitayahifadhi yakiwa mabichi, nayo yataoza kwa wingi zaidi kuliko yangaliooza katika gunia moja.

Mfano wa tatu uko Geita. Masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, mchimbaji mdogo alipata mahali ambapo dhahabu yake hupimwa hadharani, kwa gramu, mbele ya macho yake na mbele ya watumishi wa Serikali. Hakuna mchimbaji anayekubali dhahabu ipelekwe chumba cha nyuma, kisha aletewe uzito kwa mdomo. Mkulima wa pamba naye anastahili heshima hiyo hiyo. Mali yake hupimwa kwa kilo badala ya gramu, lakini jasho ni lile lile.

Hatua ya kwanza: kufuata safari ya furushi moja

Kabla ya kununua kifaa chochote, Bodi iwateue watu watatu: mjumbe mmoja wa Bodi, karani mmoja, na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Kazi yao ni kulifuata furushi moja la pamba tangu linapoteremshwa kwenye baiskeli au mkokoteni hadi mwenyewe anapopata fedha yake. Waandike kila mahali furushi linaposimama, kila mtu anayeligusa, kila karatasi inayoandikwa, na muda unaopita.

Zoezi hilo huchukua siku chache tu, na aghalabu hufichua mambo ambayo hakuna aliyeyatazamia. Huenda ikaonekana kwamba mkulima hangoji mizani bali anamngoja karani aliyekwenda kutafuta kalamu ya pili. Huenda ikaonekana kwamba kilo huandikwa mara tatu katika madaftari matatu, na kwamba makosa huingia katika kunakili. Huenda pia ikaonekana kwamba malipo huchelewa kwa sababu majina ya wanachama hayalingani na majina ya akaunti zao benki. Tatizo hili la mwisho haliponywi na mizani mpya, hata ingekuwa ya bei gani.

Chama kisichojua maradhi yake kisinunue dawa.

Hatua ya pili: kusafisha ghala na daftari

Mashine hutaka mpangilio. Ghala ambalo pamba daraja A imechanganyika na daraja B, magunia ya dengu yameegemea ukuta wenye unyevu, na pembejeo zimerundikwa mlangoni, litabaki hivyo hivyo hata likiwekewa kompyuta. Kwa hiyo kazi ianze kwa ufagio. Sakafu igawanywe kwa mistari ya rangi, kila sehemu ipewe namba, magunia yakae juu ya chaga za mbao, na njia ya kupita iachwe ili mzigo ulioingia kwanza uweze kutoka kwanza.

Baada ya ghala ni daftari la wanachama. Kila mwanachama awe na namba moja tu. Katika vyama vyetu majina hufanana sana. Masanja na Masanja wanaweza kuwa jirani, na Kulwa na Doto wanaweza kupatikana karibu katika kila kitongoji. Karani mwenyeji huwatofautisha kwa sura, lakini mashine haijui sura. Orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo, wanachama waihakiki wenyewe, waliofariki watajwe na warithi wao waelekezwe, na walioandikwa mara mbili waondolewe nafasi moja. Orodha iliyohakikiwa ndiyo iingizwe katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, pamoja na vifaa vya chama. Namba za simu na za akaunti ni siri za wanachama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzitunza vizuri si hiari tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi yafaa kuongeza kwamba daftari chafu likiingizwa katika kompyuta hutoa habari za uongo kwa haraka.

Hatua ya tatu: kununua kwa kiasi na kwa mkataba

Chama kianze na sehemu moja tu, nayo iwe ya kupima na kutoa stakabadhi. Hiyo ikishika, ndipo iongezwe ya kufuata mali, kisha ya malipo. Ununuzi uamuliwe na Mkutano Mkuu, uwe ndani ya makisio, na kama fedha ni ya mkopo basi uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Mwenyekiti asiahidi kifaa sokoni kabla wanachama hawajakaa.

Mkataba na muuzaji utaje mambo yafuatayo bila kificho:

(a) Uwezo wa mizani, na kiwango kidogo kabisa inachoweza kuonyesha.
(b) Kwamba mizani itahakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo kabla ya kutumiwa, na kila mwaka baada ya hapo.
(c) Ni nani atakayeitengeneza ikiharibika katikati ya msimu, baada ya siku ngapi, na ni kifaa gani kitatumika katika siku hizo.
(d) Muda wa betri umeme ukikatika, na njia ya kuichaji kwa nguvu za jua.
(e) Kwamba kumbukumbu za kilo ni mali ya chama, na chama kitaweza kuzitoa zote hata kikiachana na muuzaji huyo.
(f) Mafunzo ya makarani, na kurudiwa kwa mafunzo hayo msimu wa pili.
(g) Malipo kwa awamu. Awamu ya mwisho ilipwe baada ya kifaa kufanya kazi msimu mzima.

Chama kilichokwisha kulipa fedha yote siku ya kwanza hakina sauti siku ya arobaini.

Hatua ya nne: msimu wa kazi mbili

Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika majuma ya mwanzo, kifaa kipya na daftari la zamani vifanye kazi pamoja. Kila kilo iandikwe kotekote, na jioni jumla mbili zilinganishwe. Zikitofautiana, kazi isiendelee kesho yake mpaka sababu ijulikane. Makarani watanung'unika kwamba kazi imekuwa mara mbili, na kweli itakuwa mara mbili. Waambiwe mapema, na wapewe msaidizi au posho kwa muda huo.

Kila asubuhi, kabla ya mkulima wa kwanza, mizani ijaribiwe mbele ya watu. Iwekwe mahali palipo sawa na pagumu, isomeke sifuri, kisha jiwe la mizani la kilo 20 liwekwe katikati na katika kila pembe nne. Mahali pote pasomeke kilo 20. Jaribio hilo halimalizi hata dakika tano. Liandikwe katika daftari lake, na litiwe saini na karani pamoja na mkulima aliyefika kwanza.

Ili faida ya uangalifu huo ionekane, na ichukuliwe hesabu ya mfano. Chama kinapokea kilo 240,000 za pamba kwa msimu. Kila mpimo mmoja ni wastani wa kilo 40, kwa hiyo mizani hutumika mara 6,000. Kama katika kila mpimo mkulima anapoteza nusu kilo tu, ama kwa sababu mizani imeegemea upande au kwa sababu karani amekata nukta na kuandika kilo kamili, jumla ni kilo 3,000. Bei ikikadiriwa kuwa shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 3,000,000. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Fedha hiyo imetoka nusu kilo kwa nusu kilo, mikononi mwa watu ambao kila mmoja wao alidhani kapoteza kidogo.

Wanaoendesha ndio wanaofaulisha

Mahali pa mizani pawe wazi, na kioo cha tarakimu kimwelekee mkulima, si karani peke yake. Uzito usomwe kwa sauti. Wako wazee wasiojua kusoma, nao hawapaswi kuona aibu wala kuharakishwa. Karani mzuri husema, "Mama, ni kilo arobaini na mbili na nukta tano." Mama akijibu, "Hebu rudia, mwanangu," karani hurudia bila kukunja uso, na humwachia nafasi amwite mjukuu wake asome kioo. Ujumbe wa simu unaotumwa baadaye ni jambo jema, lakini haukai mahali pa maneno hayo, kwa kuwa si kila mkulima ana simu, na simu nyingine ni ya mtoto aliyeko mgodini.

Jambo la migodi lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Kijana aliyefundishwa kifaa mwezi wa nne anaweza kuondoka mwezi wa sita akisikia kwamba kuna mashimo mapya ya dhahabu. Si kosa kutafuta riziki, ila chama kisiweke ujuzi wote ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Wafundishwe wawili au watatu kwa pamoja, wakiwamo wanawake wakazi wa kijiji, na maelezo ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa ukutani. Karani anayeondoka akabidhi kwa maandishi, na neno lake la siri lifutwe siku hiyo hiyo.

Zaidi ya hayo, anayepima asiwe yeye yule anayeweza kubadilisha kumbukumbu, na anayetunza ghala asiwe yeye anayeidhinisha malipo. Kila karani awe na neno lake la siri. Sahihisho lolote liache alama: kilikuwa nini, kimekuwa nini, nani kabadilisha na kwa sababu gani. Bila hivyo mkaguzi wa COASCO atakuta hesabu zilizonyooka, na wanachama watabaki na mashaka yasiyonyooka.

Makarani na wapagazi wa zamani wasidharauliwe. Mara nyingi wao ndio wanaojua kona ya ghala inayovuja na lori linalochelewa. Kama kazi zao zitapungua, Bodi iwaeleze mapema watapangiwa nini. Mtu anayehofia mkate wake hawezi kuitakia heri mashine inayouchukua, na mashine isiyotakiwa heri huharibika kila juma.

Hesabu ya kila shehena

Faida kubwa ya kifaa kipya haiko katika mwendo wa kupima. Iko katika uwezo wa kuonyesha mahali kilo zinapopotelea. Mfano ufuatao wafaa kuandikwa ubaoni wakati wa masomo:

Kilo zilizopokelewa kwa wakulima: 10,400.
Kilo zilizopimwa wakati wa kupakia lori: 10,352.
Kilo zilizosomwa kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambua: 10,290.

Chama kinachoandika namba ya kwanza na ya tatu tu kitajua kwamba zimepungua kilo 110. Hapo lawama zitaanza: mtunza ghala atamshuku dereva, dereva atakishuku kiwanda, na wakulima watawashuku wote. Lakini chama kilichopima pia wakati wa kupakia kitaona kwamba kilo 48 zilipungua ghalani na kilo 62 zilipungua baada ya lori kuondoka. Hayo ni maswali mawili tofauti. Zile 48 huenda zimetokana na pamba kukauka, uchafu kupepetwa au mizani kuegemea. Zile 62 zinahusu turubai, njia, vituo vya kusimama, na tofauti kati ya mizani mbili. Mizani ya kupakia na ya kiwanda zilinganishwe kwa kupima mzigo mmoja kwenye zote mbili, kisha Bodi iweke kiwango cha upungufu kinachokubalika. Upungufu ukizidi kiwango hicho, maelezo yatolewe kwa maandishi ndani ya siku tatu.

Hati ya kusafirisha itaje namba ya lori, jina la dereva, namba ya lakiri, saa ya kuondoka na kilo. Mpokeaji ajaze saa ya kufika na kilo alizopokea, na nakala irudi chamani. Karatasi moja iliyorudi ina thamani kuliko kompyuta mbili zisizozungumza.

Mambo ambayo mashine haioni

Mizani ya kielektroniki hupima maji kwa uhodari ule ule inaopimia pamba. Mkulima anayenyunyizia pamba yake maji, au anayechanganya mchanga, atalipwa kwa maji na mchanga kama hakuna mtu wa kutia mkono ndani ya furushi na kutazama. Upangaji wa madaraja ungali kazi ya macho na vidole, na pamba ichaguliwe kabla ya kupanda mizani, si baada yake. Uchafu wa wachache hushusha bei ya chama kizima.

Mashine haijui pia kwamba mtandao umekatika, ila kwa kusimama. Kwa hiyo kifaa kiwe na uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu bila mtandao na kuzituma baadaye, na kitabu cha stakabadhi za karatasi zenye namba mfululizo kiwepo ndani ya kasha muda wote. Vumbi la pamba huingia katika vifaa. Yafaa vifutwe kila jioni kwa kitambaa kikavu na kufunikwa. Panya hutafuna nyaya. Na moto, ambao ni adui mkubwa wa ghala la pamba, unaweza kuanzia katika nyaya zilizounganishwa ovyo na mtu asiye fundi.

Dalili za kufaulu

Chama kisiseme kwamba kimefaulu kwa sababu kifaa kinawaka taa. Kipimo ni mkulima. Kabla ya msimu Bodi iandike namba tano za msimu uliopita: muda ambao mkulima alingoja mizani, idadi ya malalamiko ya uzito, upungufu kwa kila kilo 1,000, siku kati ya kupima na kulipwa, na gharama ya ghala kwa kila kilo. Mwisho wa msimu ziandikwe tena, na zote zisomwe mbele ya Mkutano Mkuu, zilizopanda na zilizoshuka.

Namba zikionyesha kwamba mambo hayakubadilika, hiyo pia ni habari njema kama imesemwa mapema, kwa maana chama kitajisahihisha kabla ya kuongeza kifaa cha pili. Kinachoua vyama ni kushindwa kunakofichwa hadi mkaguzi afike. Wanachama wakiona kwamba hata mabaya yanasomwa hadharani, hulinda mizani yao kama wanavyolinda ng'ombe wao.

Wazee wa miaka ya 1950 hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na mpimaji wao wenyewe, aliyesimama kando ya mizani na kutazama. Kifaa kipya kimeletwa kumsaidia mtu huyo, na hakikuletwa kumwondoa. Chama kitakachokumbuka hivyo kitanufaika na mashine. Chama kitakachomrudisha mpimaji nyumbani kwa sababu mashine imefika, kitakuwa kimerudi pale pale ambapo mkulima aliambiwa kilo zake na kwenda zake.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika chama chenu, furushi la pamba husimama mara ngapi kabla mwenyewe hajalipwa? Ni kituo gani kinachochelewesha zaidi?

2. Mizani yenu ilipigwa chapa mwezi gani mara ya mwisho, na ni wanachama wangapi wanaojua tarehe hiyo?

3. Kama karani mkuu wa kifaa akiondoka kesho kwenda machimboni, ni nani atakayefungua kituo?

4. Chama cha mfano kimepokea kilo 8,000, kimepakia kilo 7,968, na kiwanda kimepokea kilo 7,960. Upungufu wa ghalani ni kilo ngapi, na wa njiani ni kilo ngapi? Ni nani atakiwaye kutoa maelezo kwa kila mmoja?

5. Mwanachama asiyejua kusoma na asiye na simu atahakikishaje kilo zake katika kituo chenu? Andikeni utaratibu wake kwa sentensi tatu, kisha ubandikwe kando ya mizani.